Kioo Namba Saba

Nilipoingia sebuleni kwa Mama Sifa Jumamosi iliyopita, vioo vilikuwa vimefunikwa tena. Kile kirefu cha kabati kilifunikwa kitenge cha buluu, kile kidogo cha ukutani taulo, na televisheni ilikuwa imegeuzwa uso. Waliokuja msibani walivitazama, wakatazamana, wakaketi. Mimi sikuhitaji kueleza wala kuelezwa. Niliishi karibu mwaka mzima katika nyumba hii vioo vikiwa hivyo hivyo, na siku vilipofunuliwa nilikuwepo, na aliyesababisha vifunuliwe ni mimi. Hilo la mwisho sikuwahi kumwambia mtu. Hata maziko yenyewe niliyakosa kwa siku moja, kwa sababu siku ile nzima nilikaa kitandani Kigali nikijiuliza kama nina haki ya kwenda. Kwenye basi, tangu Musanze mpaka tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani, nilipanga maneno ya kumwambia Sifa, binti wa marehemu. Niliyapanga, nikayapangua, nikayapanga tena, mpaka yakawa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mno.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka tu chuoni na shahada ya fizikia, na Daktari Kamali, mtafiti wa nishati ya jua, alinipa kazi ambayo watu wakiniuliza niliona aibu kuieleza: kutazama vioo kumi na viwili vikifa. Vilikuwa vipande vidogo, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vimepakwa utando mweusi wa perovskaiti, mwembamba kuliko unywele, unaogeuza jua kuwa umeme. Utando huo hutengenezwa kwa urahisi na hufanya kazi vizuri ajabu, ila haudumu. Unyevu unauharibu, joto linauharibu, na jua lenyewe, ambalo ndilo chakula chake, linauharibu pia. Ukianza kufa hugeuka njano, kuanzia pembeni. Daktari alitaka kujua vingedumu muda gani Gisenyi, mahali penye ukungu wa ziwa asubuhi, jua kali mchana, na vumbi jepesi linaloshuka kutoka mlima wa moto ng'ambo. Sita vilikuwa vya kawaida, namba moja hadi sita. Sita vilikuwa na tabaka la ziada alilolibuni yeye mwenyewe, namba saba hadi kumi na mbili. Nilitakiwa kuvipima saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku, kwa mwaka mmoja. Katikati hapo nilishuka mjini, kwenye ofisi yenye mtandao wa uhakika, nikamtumia matokeo.

Nilipanga chumba kwa Mama Sifa kwa sababu ya paa la jiko lake. Nyumba iko kwenye mteremko, jiko liko uani chini yake, na paa lake la zege liko karibu usawa wa baraza. Ukisimama barazani unaweza kunyoosha mkono ukaligusa. Hapo niliweka fremu yangu, safu mbili za vioo sita sita, namba saba ikiwa ya kwanza kwenye safu ya karibu na baraza. Wakati wa kukaza vibanio, kibanio cha namba saba kilipinda mkononi mwangu. Kioo kikabaki kimeinuka upande mmoja, kama mlango ulioachwa nusu wazi. Daktari alikuwa ameagiza kwamba vikishafungwa visiguswe tena. Nilikaa siku tatu nikifikiria kama kukinyoosha ni kugusa, na kama kumwambia ni kukiri uzembe katika wiki ya kwanza ya kazi. Siku ya nne nilikuwa nimeshapima mara sita, na ikawa nimechelewa. Sikukinyoosha, na sikumwambia.

Jioni ya kwanza nilimwamkia mwenye nyumba shikamoo, naye akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Shikamoo njo nini? Sema jambo, nitakujibu jambo. Mutoto ya Tanzania, ingia ukule." Alinipakulia ugali wa muhogo na sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, akakaa kunitazama nikila, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mikono yake imekomaa kwa kubeba vikapu vya nyanya kuvuka mpaka kwenda Goma kila asubuhi. Nilimuuliza kioo kiko wapi, nichane nywele. Akasema kipo, ila kimelala. Nilidhani sijaelewa Kiswahili chake. Baadaye nilielewa. Mume wake alikuwa fundi wa injini za maboti. Siku moja, saa sita mchana, ziwa limetulia, alitoka kujaribu injini aliyoitengeneza, na hakurudi, yeye wala boti. Ndugu zake, Waislamu wa Goma, walimswalia na kumaliza arobaini yao. Mama Sifa mwenyewe, Mkristo, alisema hakuna maiti, hakuna kwera. Na bila kwera, ile sherehe ya kumaliza msiba, matanga hayajaisha. Kwa mila za upande wa mama yake mzazi vioo havifunuliwi mpaka matanga yaishe. Kwa hiyo vilikuwa vimefunikwa mwaka wa sita sasa. Nilichana nywele kwa simu karibu mwaka mzima, na nikazoea, isipokuwa kwamba kila nilipopita kile kitenge cha buluu nilipunguza mwendo bila kutaka.

Alinidadisi sana kuhusu kazi yangu. Jioni moja akimenya viazi vya Bugeshi aliniambia nimweleze kinachofanyika ndani ya vile vioo, na nisimfiche kwa maneno ya shule. Nikamwambia jua likipiga utando ule, elektroni inang'oka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni inatakiwa itokee mlango wa upande huu, tundu litokee mlango wa upande ule, na hapo ndipo unapata umeme. Lakini pengine hukutana katikati kabla ya kutoka. Vinarudiana, na nguvu yote inapotea, inabaki joto kidogo, au mwanga kidogo mno.

"Sawa vile pale barrière, ku mupaka," akasema. "Mutu anakutana na mwenzake katikati, banasimama kuongea, nyanya zinaoza."

"Ndiyo hivyo hivyo, Mama."

Akamenya kiazi kizima kabla ya kusema tena. "Na ile tundu. Inatembeaka?"

Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani. Jirani anaingia ndani yake, naye anaacha tundu lake, na jirani wa jirani hivyo hivyo, na ukitazama utaona kana kwamba tundu lenyewe ndilo linalotembea.

"Inatembea," akasema. "Bon. Iyo naijua." Akaosha kisu, akaingia ndani.

Mwezi wa pili, namba moja hadi sita vilianza njano. Hilo lilitarajiwa. Mwezi wa tatu namba nane hadi kumi na mbili vilifuata, na tabaka la Daktari likaonekana halina msaada. Lakini namba saba kilibaki cheusi. Kila asubuhi nilikipima nikitegemea kimeanguka, na kila asubuhi kilikuwa pale pale, wakati wenzake wa kulia wanakufa kwa zamu. Wanaojua vioo hivi wanajua kwamba vina tabia zisizopendeza. Ukivipima kwa kupandisha volti halafu ukarudi kwa kushusha, majibu ya kwenda na ya kurudi hayafanani, kana kwamba kioo kinakumbuka ulikotoka. Vikichoka kwa jua, ukiviweka gizani vinapona kiasi, kwa sababu chembe zilizohama ndani yake hurudi mahali pake. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma, na yana maelezo. Lakini kuyasoma ni kitu kimoja, na kuinama peke yako juu ya paa, ukungu unapanda kutoka ziwani, ukitazama kitu kimoja kinachokataa kufa, ni kitu kingine. Nilibadilisha nyaya. Nilipima upya mara tano. Nilifuta namba nikaziandika tena nikihofia nilizikosea. Usafi wa kioo chenyewe ulinitisha. Vingine vilikuwa na vumbi la mlima. Chenyewe kila saa tisa kilikuwa kama kimetoka kupanguswa.

Daktari Kamali alinipigia simu kila Ijumaa. Alikuwa amesoma Tanzania, akipenda kunisemesha Kiswahili kama mtu anayejiburudisha. "Hicho saba ndicho chetu," alisema. "Lile tabaka hapo lilikaa sawasawa, hivyo vingine niliviharibu mwenyewe. Usikiguse, usikipumulie. Kikimaliza mwaka kikiwa hivyo, tunaandika makala, jina lako likiwa la pili, na nafasi ya masomo ya nje naiombea wewe." Nilimshukuru. Kisha nilikaa na simu mkononi nikifikiria kibanio kilichopinda, kwamba kioo kilichoinama hupata jua pungufu, kwamba huenda hilo ndilo jibu lote. Nilijiambia nitamwambia Ijumaa inayofuata. Nilijiambia hivyo Ijumaa nyingi.

Jumapili moja Sifa alikuja kutoka Goma, alikoolewa, nami nilikuwa chumbani nikijifanya nimelala. Ukuta wa chumba changu na wa jiko la ndani ni mmoja, na haukufika juu.

"Mama, uyu mutoto iko sawa?"

"Iko sawa. Anaogopaka tu."

"Anaogopa nini?"

"Kila kitu. Juzi alirudia mara tatu kuangalia kama alifunga mulango. Nikamuambia, sha, mulango yenyewe imechoka na weye."

Wakacheka. Kikombe kikawekwa mezani. Kisha sauti ya Sifa ikashuka. "Na baba? Bado anakuyaka?"

"Kila saa sita. Kama jua iko. Sasa hivi namufunikaka, anapumuzika kidogo."

Sifa hakucheka wala hakushangaa. Akauliza kama chumvi iko. Mimi nilibaki nimelala chali, macho wazi, nikihesabu saa ambazo huwa sipo nyumbani.

Kesho yake nilimwambia Mama Sifa naenda mjini kama kawaida, nikashuka mpaka barabarani, nikasubiri atangulie kuelekea mpakani, nikarudi na kujifungia chumbani, mlango nimeuacha upenyo. Nyumba bila mtu ilikuwa na ukimya mzito. Pikipiki zilisikika kwa mbali kama zinapita nchi nyingine. Kabla ya saa sita alirudi. Akatua kikapu, akavua viatu, akavuta kiti, akaketi kuuelekea ukuta wenye kile kioo kidogo chenye taulo. Hakufanya lolote. Kisha mwanga ukaja. Kipande kidogo cha mwanga, ukubwa wa kiberiti, kiliingia kwa dirisha, kikapanda juu ya fremu ya mlango, kikatambaa ukutani polepole kuelekea kwenye taulo, kikitetemeka kama kitu kinachopumua.

"Umefika," Mama Sifa alisema. Alisema kama mtu anavyomwambia mwenzake aliyetoka kazini.

Alikaa nacho kitambo. Kisha akainuka, akachukua kitambaa cheusi juu ya kabati, akatoka barazani, akanyoosha mkono. Nikasikia akisema neno ambalo sikulishika. Mwanga ukazimika ukutani. Akarudi, akala, akajilaza, na saa nane akaenda kukitoa kile kitambaa, akakipangusa kioo kwa upindo wake, akarudi mpakani kwa safari ya pili.

Hapo nikajua yote kwa mara moja, na ningependa kusema kwamba nilifurahi. Kwa muda wa saa mbili zenye jua kali kuliko zote, kila siku, namba saba kilikuwa gizani, kimepoa, chembe zake zikirudi mahali pake. Tabaka la Daktari halikufanya kitu. Kilichokiponya kioo ni matanga ya mwanamke, na kilichomleta mwanamke kwenye kioo ni kibanio nilichokipinda mimi, kilichokiinamisha kikatupa jua ukutani kwake. Nilifikiria siku kumi na moja. Nikisema kwa Daktari, nafasi yangu imekwenda. Nisiposema, tutaandika uongo, na mtu mwingine mahali fulani atatengeneza vioo kwa uongo huo. Nikimwambia Mama Sifa, nitamwondolea mume wake mara ya pili, na kwa maelezo ya fizikia. Usiku na mchana yalinizunguka haya. Mwisho nilifanya lile ambalo watu wa aina yangu hulifanya: nililichagua jambo ambalo halikuhitaji kuzungumza na yeyote. Asubuhi moja, alipokwishaondoka, nilitoka barazani na koleo, nikakinyoosha kile kibanio. Ilichukua muda wa kumeza mate.

Saa sita alirudi, akavuta kiti, akaketi. Nami nilikuwa mezani safari hii, nimesema naumwa kichwa. Jua lilikuwa kali. Ukuta ulibaki ukuta. Akangoja. Sijawahi kusikia saa ya ukutani ikigonga vile. Siku ya pili akangoja tena. Siku ya tatu hakukaanga hata samaki, aliketi mikono imelala mapajani, kisha bila kunigeukia akauliza, "Weye mutu ya mwangaza. Mwangaza inaendaka wapi, kama haikuye?"

"Jua huhama, Mama," nikasema. "Majira yakibadilika, pembe inabadilika."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Akanitazama muda mrefu, nikadhani anangoja niendelee. Nikainamisha kichwa kwenye daftari.

"Bon," akasema.

Wiki iliyofuata aliwaita watu kwa ajili ya kwera. Shemeji zake walivuka kutoka Goma na kofia zao, ndugu zake wakaja kutoka Nyakiriba na mtungi wa pombe ya mtama, Sifa akapika siku nzima. Walisali, kila upande kwa namna yake, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu. Kisha Mama Sifa akatembea chumba hadi chumba akivuta vitambaa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake alipovuta kile kitenge cha buluu, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule nilijiona mzima. Sikumtambua haraka yule msichana. Alikuwa na sura ya mtu aliyeiba.

Bila kufunikwa, namba saba hakikufika mwezi. Njano ilianza pembeni kama kwa wenzake. Daktari alipopiga simu Ijumaa nilimweleza yote, tangu kibanio hadi kitambaa. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mwezi wa kwanza. Nikajibu nilikuwa nafikiria. "Wewe," alisema, bila hasira, "unafikiria mpaka kitu kinaoza." Masomo ya nje yalienda kwa mwingine. Nilimaliza mwaka wangu, nikaondoka na kioo namba saba kwenye bahasha. Siku hizi, Kigali, kazi yangu ni kutafuta vioo hivi vinahitaji giza kiasi gani kati ya jua na jua, na nikiulizwa wazo nililitoa wapi nasema kwenye majaribio ya nje. Miaka yote hiyo nilimpigia Mama Sifa simu sikukuu kwa sikukuu, tukaongea bei za viazi. Sikusema.

Jumamosi nilisema. Sifa alikuwa sebuleni akipanga vikombe, waombolezaji wametoka kwenda kula uani, kelele za sufuria na maji zinasikika dirishani. Maneno yote ya kwenye basi yalinitoroka. Nikamwambia tu, "Ule mwanga wa baba yako. Mimi ndiye niliyeuondoa. Kwa koleo."

"Najua," akasema Sifa.

Akaendelea kupangusa kikombe. "Alikuona. Ile siku alisahau jeton ya barrière, ile karatasi ya kuvukia, akarudi. Akakukuta na koleo, akarudi nyuma kimya, weye haukumuona."

"Kwa hiyo alijua kwamba ni kioo?"

"Tangu siku ya kwanza. Mama aliuza bioo Goma mbele ya kuuza nyanya. Unazania hajui kioo inafanya nini na jua?"

"Basi kwa nini alikuwa anakifunika?"

Sifa akaweka kikombe. "Mi pia nilimuuliza. Akaniambia, kioo njo inaleta, lakini mwenye kuletwa ni yeye." Akatabasamu kidogo, akafanana na mama yake. "Alikungojea siku tatu umuambie. Haukusema. Akaniambia, Sifa, kama mutu mwenye anaogopaka kila kitu ameweza kufunga ule mulango ya mwangaza, mi naogopa nini? Njo akaita batu."

Niliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, na nilipokwisha kuketi ndipo nikagundua kinaelekea ukuta ule. Sifa akavuta cha pili, akaketi kando yangu. Kwa dirisha niliona paa la jiko, tupu, zege tu. Fremu yangu iliondolewa zamani, hata alama za misumari zimejaa moshi. Ilikuwa saa sita. Mwanga ukaingia. Ulikuwa mdogo, ukapanda juu ya fremu ya mlango, ukaanza kutambaa kuelekea kwenye taulo, ukitetemeka. Uani kulikuwa na mabeseni ya maji, na masufuria, na vifuniko vya masufuria mikononi mwa watu. Ningeweza kutoka nikatazama kimoja kimoja. Mtu niliyekuwa mwaka ule angetoka. Nilibaki nimeketi. Mwanga ulipofika usawa wa bega lake, Sifa alisogeza kiti kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake.